Ya Korido Yabaki Koridoni: Majibu kwa Wanaofundishana Kupresenti Mgonjwa

Mwanafunzi wa udaktari akishamaliza miaka ya mihadhara na kuvaa koti jeupe kuingia wodini, ushauri wa kwanza anaoupata hautoki kwa mwalimu. Unatoka kwa waliomtangulia mwaka mmoja, kwenye ngazi, kwenye foleni ya chai, hosteli usiku wa kuamkia raundi kubwa. Anaelekezwa namna ya kupresenti mgonjwa: anza na hiki, usithubutu kutaja kile, bingwa fulani hapendi hivi. Ushauri wenyewe hutolewa kwa nia njema, na umewavusha wengi bila kufokewa. Ubovu wake ni kwamba kuvuka bila kufokewa ndilo lengo lake lote. Mgonjwa hapresentiwi ili mwanafunzi avuke. Anapresentiwa ili watu waliozunguka kitanda chake waamue afanyiwe nini leo, kwa dawa na vipimo vilivyopo.

Nayajibu hapa madai yanayorudiwa zaidi. Ukiwa Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Eldoret au Kampala utayasikia kwa maneno yanayokaribiana. Hayana uzito sawa. La kwanza ndilo mama yao, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

"Sema kila kitu, hutakosea"

Mantiki yake inaeleweka: ukitaja yote, hakuna atakayekuuliza ulichosahau. Basi mwanafunzi anaanza na jina, umri, kabila, dini, kata, siku ya kulazwa. Anapita dalili moja moja. Anaingia mfumo wa chakula, wa mkojo, wa fahamu. Anamaliza ukoo mzima na maradhi yake. Na dakika ya kumi ndipo anafika kwenye kazi na maisha ya mgonjwa. Kufikia hapo rejista anasoma simu, intani anajaza fomu za damu za kitanda kinachofuata, na bingwa anatazama dirishani.

Tuchukue mgonjwa wa kufikirika. Mwanaume ana miaka 38 na amekuja na kikohozi. Ukiambiwa hivyo tu, hujaambiwa kitu. Sasa sikiliza: "Ni mwanaume wa miaka 38, mchimbaji mdogo wa dhahabu kutoka Geita, anaishi na VVU na ameacha dawa kwa miezi 4. Ana kikohozi cha wiki 3, homa za jioni, jasho la usiku, na nguo zimeanza kumpwaya." Kila kipande cha maneno hayo kimefanya kazi. Uchimbaji unamaanisha vumbi la mwamba lenye silika, ambalo huharibu mapafu na kumweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu. Kuacha dawa kunaleta magonjwa nyemelezi kwenye orodha. Wiki 3 zinairudisha nyuma nimonia ya kawaida, ile inayompata mtu Jumatatu na kumleta hospitali Jumatano. Mwanafunzi hajafika hata kwenye uchunguzi wa mwili, na tayari sista anafikiria kitanda cha karibu na dirisha, mbali na mzee wa kisukari aliyelala naye bega kwa bega, na intani anajua makohozi yanakwenda kwenye mashine ya GeneXpert. Katika ile presentesheni ya kila kitu, mgodi ulitajwa baada ya bibi mzaa mama mwenye presha.

Kusema yote ni kumwaga kapu zima la sokoni mezani na kumwachia mpishi atafute nyanya. Kazi ya kuchagua haijaondoka. Imehamishiwa kwa msikilizaji, ambaye hakumhoji mgonjwa na hana muda. Hesabu yake ni nyepesi: wodi ya wagonjwa 40, kwa dakika 10 kila mmoja, ni karibu saa 7. Mgonjwa mpya anatoshwa na dakika 5 hadi 7. Aliyekwisha kujulikana na timu anatoshwa na dakika 1 au 2: nini kimebadilika tangu jana, na leo tunafanya nini.

Mahali pa kila kitu papo, napo ni kwenye faili. Mwaka 1968 daktari wa Kimarekani Lawrence Weed alieleza katika New England Journal of Medicine kwa nini kumbukumbu za mgonjwa zipangwe kwa matatizo yake, kila tatizo likiwa na taarifa zake, tathmini yake na mpango wake. Kwake tumerithi ule mpangilio wa maendeleo ya kila siku ambao kila mwanafunzi anaujua: anachosema mgonjwa, tunachokiona, tunachofikiri, tutakachofanya. Andika yote huko, kwa mwandiko unaosomeka. Mdomo uchague kutoka humo.

Hapa kuna mtego. Wanafunzi wengi wakiambiwa wafupishe, hukata kwanza yale ambayo mgonjwa hana, na hapo wanakosea pa kukatia. Kwa mchimbaji wetu, kusema "miguu haijavimba, hana maumivu ya kifua akivuta pumzi, hajawahi kutibiwa kifua kikuu" ni kumwambia bingwa kwamba umeshaufikiria moyo, umeshafikiria damu iliyoganda mapafuni, na umeshajiuliza kuhusu usugu wa dawa. Kisichokuwepo kinatajwa kikiwa na sababu. Kwamba hana kidonda mguuni, hiyo ndiyo ya kuacha.

Utaniambia: kwenye mtihani wa kesi ndefu lazima nipite vichwa vyote. Ni kweli, na uvipite. Pale mtahini anapima kama unavijua. Ila hata huko, ukimaliza atakuomba muhtasari wa sentensi mbili tatu, na hapo ndipo aliyefikiri anapotengana na aliyekusanya.

"Historia ni ya nini, vipimo vitasema vyenyewe"

Mwaka 1975 J. R. Hampton na wenzake wa Uingereza walichapisha katika British Medical Journal utafiti mdogo ambao haujazeeka. Walifuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya nje. Katika wagonjwa 66, barua ya rufaa pamoja na historia vilitosha kumfikisha daktari kwenye utambuzi ule ule uliokubaliwa mwishoni. Uchunguzi wa mwili uliongeza wagonjwa 7, na maabara 7.

Mashine zimekuwa bora sana tangu wakati huo, sibishani. Lakini mashine haijiombi. Anayeiomba ni daktari aliyesikia maelezo yako. Ukisema "mama wa miaka 50, anaumwa kichwa siku mbili", atapewa dawa ya maumivu asubiri. Ukisema "mama wa miaka 50, alikuwa anachota maji, kichwa kikampasuka ghafla kwa maumivu ambayo hajawahi kuyapata maishani, akatapika, na shingo imekakamaa", picha ya CT ya kichwa inatafutwa leo hii, maana huenda damu inavuja kuzunguka ubongo. Mgonjwa ni yule yule.

Na kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilisemi kwa uzito unaostahili. Mgonjwa asiye na bima analipia kipimo kwa kuchangisha ndugu. Kipimo kilichoombwa kwa sababu mwanafunzi hakueleza vizuri kimemla mtu mbuzi wake. Sioni namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Maelezo mazuri nayo yanaanza kabla ya raundi, kwa kumwacha mgonjwa aseme. Howard Beckman na Richard Frankel walionyesha mwaka 1984 kwamba madaktari waliowachunguza nchini Marekani waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Mwanafunzi ana kitu ambacho bingwa hana, yaani muda. Akiutumia huo jioni, asubuhi ataijua hadithi ambayo haimo kwenye fomu ya kulazwa.

"Kariri, kushika karatasi ni aibu"

Hili sitalikawiza. Hadithi ya mgonjwa usiisome; namba isome. Potasiamu ya 2.9 haifai kubahatishwa kwa kumbukumbu mbele ya mtu anayetaka kuandika dozi. Na unapofika kwenye presha, mapigo, upumuaji, joto na oksijeni, taja tarakimu zenyewe. "Viko sawa" ni maoni. Presha ya 110/70 kwa mtu ambaye kliniki imemzoea kwa 170/100 si sawa hata kidogo, na anayesikiliza hawezi kulijua hilo kama umemfunika kwa neno moja.

"Ukibanwa usiseme hujui, sema ni kawaida"

Kati ya yote, hili ndilo linaloweza kuua.

Jinsi linavyofanya kazi ni rahisi kuifuata. Mwanafunzi hakuusikiliza moyo, au aliusikiliza juu juu wodi ikiwa na kelele za chakula cha mchana. Anaulizwa. Anatoa ule wimbo: sauti ya kwanza na ya pili zimesikika, hakuna sauti ya ziada. Intani anaandika. Kesho mwingine ananakili kutoka ukurasa wa jana. Siku ya tatu faili lina kurasa tatu zinazokubaliana kwamba msichana wa miaka 16 anayepumua kwa shida ana moyo mzima, na hakuna kati ya walioandika aliyeweka stetoskopu kifuani pake. Ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi haujaondoka Afrika Mashariki. Unawapata vijana hasa, na mara nyingi unaanza kushukiwa kwa sikio la mtu mmoja aliyesikia kitu na kukisema.

Mwanafunzi anadanganya kwa sababu amejifunza kwamba kutojua kunaadhibiwa. Mtafiti wa Kanada Erica Lingard na wenzake walilifuatilia jambo hili katika makala ya mwaka 2003 kuhusu presentesheni na namna wanafunzi wanavyokushughulikia kutokuwa na uhakika. Kwa mwanafunzi, kutokuwa na uhakika ni upungufu wake mwenyewe, kitu cha kufichwa mbele ya anayempima. Kwa daktari mzoefu ni sehemu ya kazi: anaonyesha mpaka wa anachojua, mpaka wa kipimo, mpaka wa sayansi yenyewe. Sikiliza bingwa mzuri akizungumza na bingwa mwenzake. Neno "sina uhakika" linatoka mdomoni mwake bila jasho.

Kwa hiyo jifunze kuligawa hilo "sijui". Kuna "sikuuliza", kuna "niliuliza, mgonjwa hajui", kuna "nilipima, sikuweza kuamua". Hizo ni taarifa tatu tofauti. Ya kwanza inakurudisha kwa mgonjwa baada ya raundi. Ya pili inamtuma mtu kumpigia ndugu simu au kutafuta kadi ya kliniki. Ya tatu inamwita rejista asikilize pamoja nawe, na hapo umejifunza kitu ambacho hakuna mhadhara ungekupa. Wapo walimu walioijengea hali hii nafasi rasmi. Utaratibu uitwao SNAPPS, uliochapishwa mwaka 2003 na walimu wa udaktari wa Cleveland, Marekani, una hatua sita, na ya nne ni mwanafunzi kumuuliza mwalimu kile kinachomtatiza. Swali limo ndani ya presentesheni. Si ajali inayoitokea.

Ukishasema uongo mmoja ukagundulika, kila "kawaida" utakayoisema mwaka huo itapimwa upya. Na itakuwa haki.

"Wewe ripoti tu, dayagnosisi ni ya wakubwa"

Dai hili limevaa vazi la adabu. Mtoto hasemi mbele ya wazee. Lakini raundi si baraza la ukoo, na mwanafunzi anayekomea kwenye matokeo ya maabara amewaachia wengine sehemu ngumu kisha akaiita heshima.

Louis Pangaro, aliyefundisha udaktari Bethesda, Marekani, alipendekeza mwaka 1999 ngazi za kumpima mwanafunzi wa wodini: anaanza akiwa mtoa taarifa, anakuwa mfasiri wa taarifa hizo, kisha msimamizi wa matibabu, kisha mwelimishaji. Ngazi ya kwanza ni ya lazima, na wengi huidharau. Asiyetoa taarifa za kuaminika hana cha kufasiri. Ila ni ngazi ya kwanza. Huwezi kukaa hapo miaka mitatu.

Kujitosa kunasikika hivi: "Nadhani ni kifua kikuu cha mapafu, kwa muda wa dalili, jasho la usiku, kupungua uzito na kazi yake. Nimonia ya Pneumocystis naiweka ya pili kwa sababu ameacha dawa, lakini kikohozi chake kina makohozi na oksijeni haishuki akitembea. Leo naomba makohozi ya GeneXpert, picha ya kifua na CD4, na naomba ahamishwe pale alipo." Huenda amekosea. Vizuri. Sasa bingwa anajua amekosea wapi, na anaweza kumfundisha kitu kimoja kinachohusika badala ya kuanza sura nzima ya kitabu. Aliyenyamaza hakuacha pa kumshika.

Angalizo dogo: usitaje magonjwa saba ili mojawapo ligonge. Matatu yanatosha: linaloelekea zaidi, linalofuata, na lile ambalo hata kama halielekei, ukilikosa mgonjwa anakufa.

"Wenye Kiingereza kizuri ndio wanaopresenti vizuri"

Nimelisikia likisemwa kwa uchungu, na si bure. Mgonjwa anaeleza kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kupitia binti yake, na saa mbili baadaye mwanafunzi anatakiwa aseme yale yale kwa Kiingereza mbele ya watu kumi na watano. Aliyesoma shule za kulipia anateleza. Aliyetoka shule ya kata anakwama kwenye nyakati za vitenzi. Wasikilizaji, pamoja na mabingwa, huchanganya ufasaha na akili. Hilo ni kosa lao.

Lakini tazama ni lugha gani hasa inayohitajika. Georges Bordage, aliyechunguza kwa miaka mingi namna madaktari wanavyofikiri, alionyesha kwamba wanaofika kwenye utambuzi sahihi hugeuza maneno ya mgonjwa kuwa sifa zinazopingana jozi kwa jozi: ghafla au polepole, upande mmoja au pande zote, yanayokuja na kuondoka au ya mfululizo, mara ya kwanza au yanayojirudia. Jozi hizo zote zimo kwenye Kiswahili chako. Kazi ya kufikiri inakwisha kwa lugha unayoota nayo. Kinachobaki ni maneno machache ya Kiingereza ambayo mwezi mmoja unatosha kuyazoea. Mwenye Kiingereza cha mteremko ambaye hakuuliza kama maumivu yalianza ghafla hana cha kutafsiri.

Ufasaha ambao haujifichi ni wa kumhoji mgonjwa. Akikuambia ana homa, usiandike tu homa ukaenda zako: muulize kama mwili ulikuwa wa moto, kama alitetemeka kwa baridi, au kama anamaanisha mwili wote haupo sawa. Mwanafunzi aliyekulia na lugha ya mgonjwa nyumbani analifanya hilo bila kufundishwa.

"Mgonjwa haelewi, wewe endelea"

Anaelewa zaidi ya mnavyodhani, na asipoelewa anakisia, na anachokisia huwa kibaya kuliko ukweli.

Kuna wanaosema basi mgonjwa asipresentiwe kitandani kabisa, timu ikae chumbani. Mwaka 1997 Lisa Lehmann na wenzake walilijaribu hilo kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wapresentiwe kando ya kitanda, wengine kwenye chumba cha mikutano. Waliopresentiwa kitandani waliona kwamba madaktari walikaa nao muda mrefu zaidi, na walielekea kuisifia huduma zaidi kidogo. Kitanda si adui. Adui ni kumsema mtu juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo.

Dawa yake haihitaji bajeti. "Shikamoo mzee. Mimi ni yule mwanafunzi tuliyeongea jana. Nitawaeleza madaktari yale uliyonieleza, nikikosea unisahihishe." Marahaba. Na wanasahihisha. Ukisema mzee wa kisukari anachoma insulini mara mbili kwa siku, naye akaingilia kwamba anachoma siku akipata chakula tu, mpango wa raundi nzima umegeuka: tatizo si dozi.

Kuna jambo ambalo halisemwi kitandani, na wengi wanalikosea. Ile sentensi niliyoisifu ya mchimbaji wetu inataja VVU. Katika wodi ambayo vitanda vimegusana, hiyo ni tangazo. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inalinda usiri wa mwenye VVU, na hata bila sheria, mtu huyu atarudi kijijini na jirani wa kitanda cha pili. Wala usijikinge na vifupisho. Ndugu wanaokesha wodini wiki nzima wanavijua vyote. Sehemu hiyo isemwe kwenye meza ya wauguzi kabla timu haijasogea, au onyesha kwa kidole kwenye faili uendelee.

"Mpangilio ni ule ule, wodi zote"

Mifupa ni ile ile, kinachotangulia hubadilika. Wodi ya wazazi, mimba ya ngapi na wiki ngapi ndiyo sentensi ya kwanza, si aya ya tatu. Kwa watoto, sema nani alikupa historia, mama au shangazi aliyemleta, na uzito usikosekane, maana kila dozi inategemea huo. Mzunguko wa mkono chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali hata kama amekuja kwa kuhara. Kwa wapasuaji, ni siku ya ngapi tangu upasuaji, upasuaji gani, mrija umetoa kiasi gani.

Na usiku kwa simu, sahau mpangilio wa raundi kabisa. Pale unatumika utaratibu ulioanzia kwenye manowari za nyuklia za Jeshi la Majini la Marekani na kuletwa hospitalini na watu wa Kaiser Permanente mwanzoni mwa miaka ya 2000: hali ilivyo, usuli, tathmini, ombi. "Dokta, nina mama wa mimba ya kwanza, wiki 34, presha 160/110, kichwa kinamuuma sana na anaona ukungu. Protini kwenye mkojo ni plasi tatu. Nadhani ni kifafa cha mimba kinachokaribia. Naomba tuanze magnesiamu salfeti na uje umwone." Historia ya ukoo itasubiri kukuche.

"Ukikatishwa, umefeli"

Mara nyingi kukatishwa ni dalili kwamba mtu anakusikiliza. Jibu kwa kifupi, kisha rudi ulipoachia, usianze upya. Ukikatishwa kila siku mahali pale pale, hapo ndipo presentesheni yako ina kasoro, chunguza hapo.

Ila upande wa pili una deni lake. Lingard na Richard Haber waliandika mwaka 1999 kwamba walimu huwapa wanafunzi maagizo kama "fupisha" na "sema yanayohusika" bila kueleza yanahusika kwa nani na kwa sababu gani, na mwanafunzi hujitungia kanuni: bingwa huyu hapendi historia ya familia, yule anataka kazi itajwe mwanzo. Hizo ndizo kanuni zinazozunguka koridoni mwaka baada ya mwaka. Zinatoka kinywani mwetu, zikiwa nusu.

Kwa hiyo, rejista na bingwa mnaosoma haya: kesho kabla ya kitanda cha kwanza, waambieni wanafunzi wana dakika ngapi, mnataka kuamua nini kuhusu kila mgonjwa, na kwa nini taarifa fulani mnaitaka mwanzo. Akianza kusema, mwacheni amalize sentensi tatu za kwanza kabla ya swali. Na akisema "sijui, nitarudi kumuuliza", mwambieni asante, kisha alasiri mfuatilieni kama alirudi.